Nchi Iliyokatazwa Kutikisika

Kitendawili. Mnaosema tega, semeni. Walioshiba wakasinzia nitawaamsha njiani. Ila msiniulize nchi hii iko wapi. Iko mbali, huko huko mnakofikiri, na watu wake hamwajui kabisa, ingawa mkikutana nao sokoni mtaulizana habari za nyumbani.

Ilikuwa nchi yenye milima pande mbili na bonde refu katikati, na ndani ya bonde ulipita ufa. Watu wa zamani, ambao hawakuwa na shahada wala tai, waliuita ufa ule Mzee. Juu yake walichunga ng'ombe na kulima mahindi, lakini nyumba walijenga kando, za miti na udongo, nyepesi kama ungo. Ukiwauliza sababu hawakukueleza. Walikutegea: "Mzee kalala, akigeuka ubavu nyumba zote zalia." Jibu lake ni ardhi. Kila mtoto alilijua kabla hajang'oka jino la kwanza.

Kisha yakaja maendeleo. Bonde lilikuwa tambarare, na mahali tambarare huita wapima viwanja kama kidonda kinavyoita nzi. Wakapima, wakakata, wakagawana, na jiji likaota. Likaitwa Shwari. Ghorofa zikabebana kama sahani za harusini. Sheria ya ujenzi ilikuwa kali, msije mkasema haikuwapo: kila jengo lilitakiwa kuwa na nondo za kutosha, na kweli nondo zote zilichorwa kwenye ramani, nyeusi, zimenyooka. Halafu mkaguzi alikuja akaegemea ukuta kwa bega. Ukuta usipoanguka, jengo ni salama. Kuna ukuta mmoja ulianguka, na mkaguzi akashauriwa apunguze unene.

Alitokea kijana mmoja aliyesomea mambo ya chini ya ardhi. Akaenda kuwaambia wakubwa kwamba Mzee anajikusanya, na kwamba jiji linalonenepa juu ya ufa ulio hai ni kama mtu anayeongeza vyungu juu ya kichwa cha mwenzie aliyesinzia. Serikali ilimsikiliza kwa makini sana, ikampigia makofi, ikampandisha cheo. Ikampeleka Idara ya Mawingu. Mpaka leo anatazama juu.

*

Katika jiji hilo aliishi Bi Sikitu, mjane, na mwanawe Mbaraka, na mjukuu wake Zawena, binti wa Mbaraka, aliyekuwa darasa la pili. Mama yake Zawena alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo Bi Sikitu ndiye aliyekuwa bibi, ndiye mama, na wakati wa baridi ndiye godoro. Hakutaka mengi duniani. Alitaka jambo moja tu: siku Mzee atakapogeuka, Zawena awe nje.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana Zawena alisoma Shule ya Msingi Uthabiti, na shule hiyo ilikuwa ya ghorofa tatu, imesimama juu ya ufa wenyewe, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, kama mtu anayeruka mtaro akaghairi katikati.

Bi Sikitu alikuwapo siku Amri ya Heshima ilipozaliwa. Walikuwa wameitwa uwanjani kushuhudia Baba wa Uthabiti, ndiye mkuu wa nchi, akifungua jengo la Wizara ya Utulivu wa Ardhi. Jua lilikuwa kali, bendera za karatasi zilikuwa mikononi. Baba akasogea kwenye kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Nchi hii haitatikisika." Na Mzee, ambaye pengine hakuwa na nia mbaya, akajinyoosha kidogo.

Jukwaa likayumba. Kofia ya Baba ikaanguka. Viti vikaanza kutembea vyenyewe. Watu wakakimbilia katikati ya uwanja, Bi Sikitu akiwa wa mbele, khanga mkononi. Hapo Waziri wa Utulivu akakidaka kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, simameni. Mnakimbia nini? Ardhi imesikia sauti ya Baba, imetetemeka kwa heshima. Ardhi haina macho, haina kadi ya chama, haijawahi hata kuhudhuria mkutano, lakini inamheshimu. Nyinyi mliosomeshwa mnakimbia?"

Watu wakaona haya. Mmoja akasimama wima akaweka mkono kifuani. Wa pili akamwiga. Kufumba na kufumbua uwanja mzima umesimama kama mahindi, na ardhi ilipotulia, Waziri akasema, "Mmeona? Imeridhika."

Kesho yake ikawa sheria. Neno tetemeko likatolewa katika matumizi, na badala yake likaletwa neno salamu. Ardhi ikisalimu, raia asimame pale pale alipo, mkono wa kulia kifuani, mpaka imalize. Anayekimbia, amemkimbia Baba. Redio ikazoea upesi: "Wakazi wa Shwari leo wamepokea salamu nzito kiasi. Mzee mmoja ameangukiwa na dari akiwa katika hali ya heshima."

Wakubwa nao hawakubaki nyuma. Wote walihama jijini wakajijengea nyumba fupi za mbao na mabati juu ya miamba ya milimani, mbali na ufa. Walisema ni unyenyekevu.

*

Mbaraka alipata kazi katika sheria hiyo. Aliteuliwa Afisa Salamu wa Kata, akapewa filimbi na fulana ya kijani. Kila baada ya salamu alipita mlango kwa mlango kuhakikisha watu walisimama, na alikuwa kijana mpole, aliomba radhi kabla ya kumkamata mtu.

Siku moja salamu ilipita asubuhi, na ukuta wa chumba cha Bi Sikitu ukapasuka kutoka juu ya mlango hadi sakafuni. Mbaraka akaja na mkubwa wake wa wilaya, bwana mmoja mwenye kitambi cha adabu na mwavuli.

"Mama, ukuta umefanya nini huu?" Mbaraka akauliza.

"Muulize mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama, mkono kifuani, maharage yangu yanaungua."

Yule mkubwa akauzunguka ukuta, akaugusa kwa ncha ya mwavuli. "Nyumba hii kwa kawaida ina tabia gani?"

"Ni nyumba ya kimya, baba. Ina kuvuja tu, na kuvuja ni kwa masika."

"Haijawahi kulalamika?"

"Milango yake hulia, lakini hiyo ni kukosa mafuta."

Mkubwa akavua kofia, akasimama mbele ya ukuta kama hakimu. "Wewe ukuta. Umepokea salamu ya heshima ukaonyesha mpasuko. Unaonywa mbele ya mashahidi. Ukirudia utabomolewa, na aliye ndani yako ndiye atakayejibu." Akamgeukia Bi Sikitu. "Ana la kusema?"

"Amesikia, baba," Bi Sikitu akajibu. "Huyu akisikia hanyanyui neno."

Wakaleta udongo na chokaa wakaziba, wakapaka rangi ya kijani ya taifa. Wiki haijaisha ufa ulirudi, mpana kuliko mwanzo, na safari hii ukawa wa kijani.

Siku ile ile ya rangi, mkubwa alipoondoka, Mbaraka alibaki amechuchumaa, anachokoa rangi kwenye kucha. Bi Sikitu akamwekea chai.

"Mwanangu, mtoe mtoto shule ile."

"Nimpeleke wapi, mama? Shule zote mpya zimejengwa kufuata ufa, ili watoto wakue karibu na heshima."

"Basi abaki nyumbani."

"Mtoto wa Afisa Salamu abaki nyumbani? Watu watasema nini?"

"Watasema yu hai."

Mbaraka alikuwa mtoto wake wa mwisho, na Bi Sikitu alikijua kimya chake tangu utotoni, jinsi alivyokuwa akiiba sukari na kuketi hivyo hivyo, mdomo umejaa. "Nikiacha kazi hii tutakula nini, mama?"

"Tutakula upepo, mwanangu. Lakini tutaula nje."

Mbaraka akanywa chai yake yote ikiwa bado ya moto, apate sababu ya macho kulowa.

*

Bi Sikitu akaamua kwenda shuleni mwenyewe. Mwalimu Mkuu, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya redio, alimpokea kwa furaha akamtembeza. Ufa ulikatiza uwanja wa shule, mtu angeweza kutia mguu. Palijengwa daraja dogo juu yake, lina utepe, na kibao: Mtaro wa Umoja.

"Zamani walisema ufa unatenga watu," Mwalimu Mkuu akasema. "Sisi umetuunganisha. Watoto wa upande huu wanavuka kuwasalimia wa upande ule."

"Na jengo, mwalimu? Naona limejitenga kidogo na ngazi zake."

"Linapumua, bibi. Jengo la kisasa linapumua."

Kengele ikalia. Lilikuwa zoezi la heshima. Watoto wote wakasimama kando ya madawati, viganja vifuani, macho mbele, na mwalimu wa zamu akateremka akafunga lango la chini kwa komeo.

"Mbona mnafunga?"

"Ili heshima isitoke nje."

Bi Sikitu akatazama lile lango, na lile jengo jeupe lililojaa vifaranga, na kikamjia kile kitendawili cha utotoni, nyumba yangu haina mlango. Yai. Alikuwa amekitega mara nyingi mno maishani, na hakuwahi hata siku moja kuogopa jibu lake.

Watoto waliposhuka, Zawena alikuja mbio akiwa na kifuniko cha soda kilichopakwa rangi ya dhahabu, kimebanwa kwa pini kifuani. Ilikuwa Nishani ya Mguu Thabiti. Aliipata kwa sababu salamu ya mwisho ilipopita, dari ilimmwagikia vumbi mpaka akawa mweupe kama andazi lenye sukari, na hakupepesa.

"Bibi, hata kikohozi nilikimeza."

"Umefanya vizuri, mwanangu," Bi Sikitu akasema, na miguu yake yeye ikawa siyo thabiti hata kidogo. Njiani akamwinamia. "Zawena, sikiliza. Siku ingine ardhi ikifanya hivyo, wewe toka nje. Kimbia."

Zawena akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Bibi, kukimbia ni uhaini. Usiseme tena, nitalazimika kukusema kwa baba."

*

Aliyeshindwa kwa njia kuu hupitia uchochoroni. Bi Sikitu hakuwa na cheo wala kipaza sauti, lakini vitendawili alikuwa navyo gunia zima, na kila jioni kabla ya chakula yeye na Zawena walitegana barazani. Mnajua mchezo unavyokwenda: wa kwanza anatega, wa pili anategua, na akishindwa anaambiwa nipe mji. Hapo anatoa mji wowote anaoujua, na mwenziwe anaupokea, anaingia humo, anatamba kama sultani, ndipo anamfunulia jibu. Zawena alikuwa na miji mingi kuliko serikali.

Jioni moja Bi Sikitu akatega kile cha zamani cha Mzee kalala. Zawena akategua bila kufikiri. "Ardhi."

"Vema. Sasa nakufundisha mchezo wake, niliucheza nikiwa kama wewe. Mzee akigeuka, wote walio ndani wanatoka mbio kwenda peupe, mbali na ukuta. Wa kwanza kufika anasema, Mzee, nimekuwahi. Huyo ndiye anayepewa mji."

"Mji gani?"

"Atakaoutaka mwenyewe."

Macho ya mtoto yakawaka. Haukuwa uhaini, ulikuwa mchezo. Walifanya majaribio uani, Bi Sikitu akitikisa karai la vyombo, Zawena akichomoka kama panya aliyemwagiwa maji. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Amri ya Heshima itoke, Bi Sikitu alilala akakoroma.

Lakini mtoto akipewa tamu huionjesha. Zawena aliwafundisha wenziwe wa darasa, wenziwe wakawafundisha wadogo zao, na baada ya muda mtaa mzima ukasikika watoto wakipiga kelele Mzee, nimekuwahi. Lori likipita, watoto wako nje. Mtu akidondosha sufuria, watoto wako nje. Habari zikapanda kilima mpaka kwenye nyumba za unyenyekevu.

Serikali ile haikuwa katili, msiifikirie vibaya. Haikumkamata mtoto yeyote. Iliunda Tume ya Taifa ya Vitendawili, yenye mwenyekiti na magari, na tume ikazunguka nchi nzima ikitegewa na kushindwa. Iliporudi, redio ikatangaza kwamba uchunguzi wa kina umebaini kosa la kihistoria. Jibu la kitendawili cha Mzee kalala halikuwa ardhi. Jibu sahihi, kuanzia siku ile, lilikuwa Baba wa Uthabiti akipumzika. Na kwa kuwa hakuna mtoto mwenye adabu anayepiga kelele mzee akiwa amepumzika, mchezo ule uchezwe kwa kusimama kimya, mkono kifuani.

Mbaraka ndiye aliyeleta agizo nyumbani. Alilisema akiwa ameangalia mlangoni.

"Mama, wanajua mchezo umetoka mtaa huu. Hawajajua nyumba."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Nimewaambia nyumba zote za mtaa huu zina bibi."

Bi Sikitu akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mbaraka, wewe ulicheza na nani mchezo ule, ukiwa mdogo?"

"Na wewe, mama."

"Na jibu lilikuwa nini?"

Mbaraka akatoka nje, akapuliza filimbi ambayo hakuna aliyemwomba.

*

Jibu jipya lilihitaji kuzinduliwa, na Waziri wa Utulivu akachagua Shule ya Uthabiti. Asubuhi ile wazazi walipangwa uwanjani, Bi Sikitu miongoni mwao, na watoto wakapangwa madarasani juu, nyuso madirishani, ili wakiitikia sauti ishuke vizuri. Zawena alikuwa ghorofa ya tatu, kifuniko chake cha soda kikimetameta. Mbaraka alisimama chini ya jukwaa na fulana yake, akilinda hali ya utulivu.

Waziri akapanda. "Wananchi wa Shwari, wasomi wamenitafutia kitendawili, nami nitawategea. Kitendawili."

"Tega," uwanja ukaitika.

"Mzee kalala, akigeuka ubavu nyumba zote zalia."

Kila mtu pale alilijua jibu la zamani, na kila mtu alikuwa amelisikia lile jipya, na yote mawili yalikuwa yamekwama kooni, moja kwa ukweli, moja kwa haya.

"Mmeshindwa?" Waziri akatabasamu. "Basi nipeni mji."

Sijui kama Mzee alisikia vibaya, au alidhani ni yeye anayepaswa kujibu. Aligeuka.

Haikuwa salamu ndogo. Uwanja ulipanda ukashuka kama shuka linalokung'utwa. Daraja la Mtaro wa Umoja likakatika. Shule ikalia, kweli ililia, mlio wa kitu kikavu kinachosagwa. Na watu wote uwanjani wakasimama wima, mkono kifuani, maana ndivyo walivyofundishwa, na watoto wote madirishani wakasimama wima, mkono kifuani, maana walifundishwa na hao hao.

Bi Sikitu alimwona Zawena akinyanyua mguu. Aliuona mchezo ukimpita usoni. Mtoto akageuza kichwa ndani, kuelekea mlangoni, kisha akamtazama mwalimu wake, kisha akautazama uwanja mzima wa watu wazima waliosimama, na baba yake miongoni mwao. Akaurudisha mguu.

Hapo Bi Sikitu akakimbia. Hakuwa amekimbia tangu siku ya jukwaa, magoti yakamlilia, ndara zikabaki nyuma. Alikimbilia lango la chini akalivuta, akakuta limefungwa kwa komeo, akalipiga kwa viganja. "Zawena, Mzee kageuka. Njoo uchukue mji." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya chiriku kwenye mashine ya kusaga. Akageuka kumtafuta mwanawe. Mbaraka alikuwa amesimama pale pale, kiganja kifuani, machozi yakimshuka mpaka kwenye filimbi.

Kisha ikaisha. Shule haikuanguka. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa mashariki, kama mtu anayesikiliza. Lango likafunguliwa, watoto wakatoka kwa mistari, weupe kwa vumbi, na Zawena akatoka na damu inamchuruzika toka kwenye paji la uso, pale kipande cha lipu kilipompiga.

"Bibi," akasema, "sikutikisika."

Waziri naye alipatikana akiwa mzima. Alikuwa ndani ya gari lake, nje ya geti, injini inanguruma. Msemaji wake alieleza kwamba ameonyesha heshima akiwa ameketi.

*

Bi Sikitu aliitwa mbele ya baraza. Alikwishafunga kifurushi chake: khanga, mswaki, dawa ya magoti. Mkubwa wa wilaya akamsomea kosa la kukimbia wakati wa salamu.

"Nilikimbia, baba. Sikatai."

Lakini mwanasheria wa baraza, aliyekuwa kijana na mwenye kupenda sheria kuliko chakula, akanyanyua kidole. "Mheshimiwa, amri inasema anayekimbia amemkimbia Baba, yaani amekwenda mbali naye. Huyu bibi hakwenda mbali. Alikwenda kwenye jengo. Na juu ya lango la jengo ilikuwapo picha ya Baba."

Baraza likanong'onezana. Likatoka, likarudi. Ikaonekana kwamba tangu nchi ipate uhuru hapakuwahi kutokea mtu aliyemkimbilia Baba kwa kasi namna ile, tena bila ndara, tena akiwa na magoti mabovu.

"Mimi nilikuwa namfuata mjukuu wangu," Bi Sikitu akasema.

"Unyenyekevu," Mkubwa akawaambia wenziwe. "Andikeni kwamba ni mnyenyekevu."

"Baba, naomba mnisikie. Ile shule itaanguka. Watoeni watoto."

"Na anawapenda watoto," Mkubwa akasema, akafuta jicho.

Wakamvika shada la maua. Redio ikamwita Bibi wa Taifa. Waziri mwenyewe akaja kumuuliza zawadi anayoitaka, na Bi Sikitu akasema polepole, akitenganisha maneno kama anayemlisha mtoto mgonjwa, kwamba haombi kitu ila shule ile ipunguzwe, ishushwe, watoto wasomee chini. Waziri alitikisa kichwa kwa kuguswa sana. Alisikia neno shule na neno watoto, na moyo wake ukafanya hesabu yake.

Wakajenga ghorofa ya nne juu ya zile tatu zilizoinama. Ikaitwa Ghorofa ya Bi Sikitu. Na kwa heshima ya pekee, darasa la Zawena likahamishiwa huko.

*

Alasiri moja walikuwa wameketi ndani, maana mvua ilikuwa inanyesha. Mbaraka alikuwa anakung'uta viatu. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mlango, kata inaelea juu. Zawena, kovu lake likiwa limegeuka kijistari cheusi juu ya nyusi, alikuwa anafuata ule ufa wa kijani ukutani kwa kidole, juu mpaka chini.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Mzee kalala, akigeuka ubavu nyumba zote zalia."

Mbaraka akaacha viatu. Bi Sikitu akamtazama mwanawe, akamtazama mjukuu wake. Alikuwa mtu mzima, amechoka, na kulikuwa na jambo moja tu alilokuwa na uhakika nalo tangu azaliwe.

"Ardhi," akasema.

"Umekosa, Bibi." Zawena hakusema kwa ubaya. "Siku hizi jibu siyo hilo. Nipe mji."

"Nakupa Mwambaoni."

"Huo ulinipa juzi."

"Chukua Kilimani basi."

"Ninao. Na Ziwani ninao, na Mto Mkavu ninao, na kule ulikozaliwa ninako. Umebaki mmoja tu, Bibi. Nipe huu wetu."

Bi Sikitu akatazama nje. Mvua ilikuwa imepungua, na Shwari lote lilionekana, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimesahauliwa kwenye kamba, na kule mbali shule nyeupe, kichwa chini kidogo, bado inasikiliza. Mama fulani alikuwa anamwita mwanawe aje kula. Wote wale walikuwa wametegwa siku nyingi, na walilijua jibu, na hakuna aliyelisema.

"Huo siwezi kukupa, mwanangu. Huo una watu."

"Lakini umeshindwa."

Kata ikagonga ukingo wa ndoo. Ikagonga tena. Maji yakaanza kuchora duara ndani ya duara.

Mbaraka alisimama, mkono ukapanda kifuani wenyewe, kama mkono wa mtu aliyelala. Zawena akasimama, kifuniko cha soda chini ya kiganja chake, kidevu juu. Bi Sikitu akamshika mkono ule mwingine akauvuta kuelekea mlangoni, akauvuta kwa nguvu zote alizobakiza, na ule mguu mdogo, mguu wa nishani, haukusogea.

Kitendawili changu kinaishia hapo kizingitini. Mnaojua jibu, kaeni nalo. Mzee hataki jibu tena, anataka mji.